Ndevu za Kaisari

Tangu Pasta Lambert arudi kutoka Yerusalemu na ile sarafu yake, Thérèse hakuwa amemeza kidonge hata kimoja. Wiki sita zilikuwa zimepita. Dada yake mkubwa, Agnès, aliziona zote mwilini mwa mdogo wake: kwanza mashavu, kisha mifupa ya mabega, halafu kile kikohozi cha asubuhi ambacho Thérèse alikifukia ndani ya taulo bafuni ili kisisikike.

Baina yao hakukuwa na siri ya ugonjwa. Thérèse alikuwa na virusi kwa mwaka wa nne sasa, na miaka mitatu yote alikuwa mzima kabisa, mnene, mbishi, anacheka hadi majirani wa ghorofa ya chini wanagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Kidonge kimoja kwa siku, basi, maisha yanaendelea. Halafu akaja huyu bwana na Kaisari wake.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya fedha, ndogo, haifiki upana wa kizibo cha soda. Pasta Lambert alisema aliuziwa na mzee mmoja karibu na lango la mji mtakatifu, na kwamba ndiyo ile Yesu aliyoonyeshwa siku walipomtega kwa habari ya kodi, akawauliza sura ile ni ya nani. Ileile, jamani, siyo mfano wake. Yesu aliishika kwa vidole vyake. Basi kila Jumapili katika Kanisa la Mlango wa Saba, ambalo zamani lilikuwa duka la makochi pale Hillbrow, sarafu ilitumbukizwa ndani ya glasi ya maji na wagonjwa wakanywa. Waliokunywa walitakiwa kuonyesha imani kwa kuleta makopo yao ya dawa, na makopo yakapangwa chini ya madhabahu, meupe, mengi, kila moja na karatasi ya kliniki yenye jina la mtu. Wasioweza kufika waliuziwa maji kwenye chupa. Kwenye lebo ya chupa ilichapwa picha ya sarafu, pande zote mbili, kubwa na safi kuliko sarafu yenyewe.

Agnès hakuwa mtu wa kudharau kanisa, hilo lieleweke. Kanisa hilohilo ndilo lililowapokea waliposhuka kwenye basi miaka sita nyuma, wakitokea Uvira, watu wawili na mfuko mmoja wa nguo. Pasta Lambert mwenyewe aliwatafutia chumba Doornfontein na kuwanunulia godoro la kwanza. Ndiyo maana hasira ilimkalia ndani badala ya kutoka. Kumkasirikia mtu mbaya ni kazi rahisi, lakini huyu alikuwa amewatendea mema kweli.

"Umekunywa dawa?" alimwuliza Thérèse jioni ile, kama alivyomwuliza jioni zote.

"Nimekunywa maji."

"Nimeuliza dawa."

"Yaya, niache." Ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Sikuachi. Nikikuacha nakuzika."

Thérèse aliweka kikombe chini. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na uso wake ulikuwa umeanza kufanana na wa marehemu bibi yao.

"Kule kliniki naitwa kwa namba," alisema. "Nikifungua mdomo tu, nesi anasikia natoka wapi, ananiuliza kwa nini sirudi kwetu nikamalize dawa za kwetu. Nasimama foleni tangu saa kumi na moja, halafu natukanwa. Kanisani Pasta ananishika kichwa mbele ya watu mia tatu, anasema huyu ni binti yangu. Wewe ungeamini wapi?"

Agnès alikuwa na hasira tu, na hasira haitibu mtu.

"Jumapili ya wiki ijayo natimiza wiki saba," Thérèse aliendelea. "Tuko sita. Tutamwaga vidonge vyetu ndani ya beseni mbele ya kanisa, na kuapa kwamba haturudi tena kliniki. Nakuomba uje. Wewe ndiye mama yangu hapa."

Usiku huo Agnès alilala macho, akisikiliza kikohozi.

Kazi ya Agnès ilikuwa vichwa. Alikuwa na saluni ya viti vitatu, viwili vya kusuka na kimoja cha kunyoa, ghorofa ya chini ya jengo moja karibu na robot, yaani taa za barabarani, za Claim Street. Miaka kumi na minane ya kushika nywele za watu ilikuwa imempa jicho kali. Alimwangalia mtu barabarani akajua amesuka lini, amesukwa na nani, na kama amelipa. Wanaume nao hawakumponyoka. Aliweza kukwambia huyu kanyoa mwenyewe kwa hasira, huyu kanyolewa na mke, huyu kaachwa.

Kesho yake asubuhi, akiwa anamsuka mteja, macho yake yalitua kwenye chupa ambayo Thérèse aliiacha juu ya rafu ya mafuta. Alikuwa ameiona lebo ile mara mia. Lakini mara zote aliitazama kama mtu wa kanisani, hakuwahi kuitazama kama msusi. Sasa aliona ndevu.

Zilikuwa ndevu nene, zilizopangwa, zimegawanyika ncha mbili chini ya kidevu, kila kipande kimeviringwa peke yake. Hazikuwa ndevu za mtu aliyesahau kunyoa. Mtu huyu alikuwa na kinyozi wake, tena kinyozi mwenye subira, aliyemfanyia kazi kwa chuma cha moto karibu kila siku.

"Unamshangaa Kaisari?" Dismas alimwuliza. Alikuwa ameketi kiti cha mwisho akisubiri kunyolewa. Dismas alikuwa Mtanzania wa Iringa, mlinzi wa duka moja la sarafu na medali za kale huko Midrand, mtu wa maneno mengi kwa sababu kazini hakuruhusiwa kuongea.

"Namshangaa kinyozi wake."

Dismas akanyanyuka, akaichukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga. "Mbona huyu namjua."

"Umjulie wapi wewe?"

"Dukani kwetu wapo kama ishirini. Nawalinda mchana kutwa na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia." Akacheka mwenyewe. "Ila dada Agnès, mwenye duka akitaka kuwaonyesha watu Kaisari wa wakati wa Yesu, huwa anatoa mwingine. Yule hana ndevu. Kidevu cheupe, kama umemnyoa wewe."

Agnès aliacha kusuka. Mteja akauliza kuna nini.

"Una hakika?"

"Mimi nalipwa kutazama tu, sina kazi nyingine. Jumatatu si mnafunga? Njoo uone. Mwenye duka hana neno, tena anapenda sana kuulizwa."

Jumatatu alikwenda. Mwenye duka alikuwa mzungu mzee, mwembamba, miwani mbili, moja puani na nyingine ikining'inia kifuani. Alidhani Agnès amekuja kuuza kitu. Agnès akaweka chupa ya maji mezani, na kwa Kiingereza chake cha saluni, kifupi na kisicho na aibu, akamweleza kila kitu: sarafu, glasi, makopo ya dawa. Mzee alianza kutabasamu aliposikia Yerusalemu. Agnès alipofika kwenye makopo, tabasamu likamtoka mzee.

Alikwenda kufungua kabati, akarudi na trei iliyotandikwa kitambaa chekundu, akatoa sarafu moja na kumpa Agnès kioo cha kukuzia.

"Hii ni dinari ya Tiberio," alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa anatawala Yesu alipokuwa hai."

Agnès akainama. Kichwa cha mtu wa makamo, taji la majani, nywele zimekatwa vizuri na kushuka kidogo kwenye shingo. Kidevu kitupu. Upande wa pili alikuwepo mwanamke ameketi kwenye kiti, ameshika fimbo ndefu.

"Kanyolewa leo asubuhi huyu," Agnès alisema.

Mzee akamtazama vizuri, kama ndiyo kwanza anamwona. Akachukua sarafu nyingine sita, akazichanganya mezani na kumwomba azipange, ya zamani kwanza. Lilikuwa jaribio, labda pia dharau kidogo, na Agnès aliisikia hiyo dharau. Akazipanga. Walionyoa aliwaweka kushoto. Aliyefuata alikuwa na ndevu fupi za kistaarabu, za mtu anayejaribu mtindo mpya na bado anaogopa watu watasemaje. Kisha wenye ndevu ndefu, na wa mwisho yule wa ncha mbili zilizoviringwa.

"Huyu ndiye aliyeanza," alisema, akigusa mwenye ndevu fupi. "Wengine wakamwiga."

"Hadriano," mzee alisema polepole. "Miaka karibu mia baada ya Yesu. Mimi ilinichukua mwaka mzima kujifunza hilo."

Ilibaki moja, ya mwanamke. Nywele zake zilikuwa na mawimbi mazito kuanzia paji la uso hadi kisogoni.

"Hii wigi," Agnès alisema.

"Wataalamu wanabishana mpaka leo."

"Hawajawahi kuvaa. Tazama hapa chini ya sikio, nywele zake mwenyewe zinachungulia. Ukiishona vibaya ndivyo inavyokuwa."

Mzee akachukua kioo akatazama. Kisha akasema kwamba mwanamke huyo alikuwa mke wa mtu wa kwenye chupa. Mtu wa kwenye chupa aliitwa Septimio Severo. Alizaliwa Libya, Afrika hiihii, na alitawala Roma karibu miaka mia na sabini baada ya siku ile ya swali la kodi. Dinari zake zilikuwa nyingi sana. Hii ya pasta bei yake isingefika malipo ya kusuka vichwa vitatu vya rasta. Labda aliyemwuzia alijua, labda hakujua.

"Na hawa wawili?" Agnès aligeuza chupa. Upande wa pili wa sarafu kulikuwa na mti uliosimama katikati, na chini yake watu wawili wameketi. "Pasta anasema ni Paulo na Sila, wamefungwa gerezani."

Mzee akatikisa kichwa. Severo alipigana na watu wa mashariki, akawashinda, akateka mji wao. Huo mti umevalishwa silaha na nguo zilizovuliwa walioshindwa, na hao wawili ni mateka, mikono imefungwa nyuma. Wafalme wale hawakuwa na magazeti. Walipiga picha kama hiyo kwenye fedha, wakawalipa askari, askari wakanunua mkate, na hivyo hadi muuza mkate wa mwisho akajua nani amekalia shingo ya nani.

Agnès aliweka kioo chini, kisha akakichukua tena. Watu wawili wameketi ardhini, mgongo kwa mgongo, vichwa vimeinama. Alishaona mkao ule. Aliuona akiwa amejificha ndani ya mashamba ya miwa ya Kiliba, karibu na Uvira, mkono wake umemziba Thérèse mdomo, na barabarani wanaume kumi na mmoja wameketishwa hivyohivyo, wamefungwa kwa vipande vya kitenge, na wa tatu kutoka mwisho alikuwa baba yao. Thérèse alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yao hakusimama tena.

Na wiki sita nzima mtoto yule alikuwa akinywa picha ile.

Hasira iliyokuwa imemkalia ndani ikapata njia. Dismas, aliyekuwa amesimama mlangoni na redio yake ya ulinzi, alimwona akilia na kutukana kwa pamoja, akageuza uso nje, kwa heshima.

Thérèse hakutaka kusikia. Alimwacha dada yake aongee hadi mwisho, huku akikunja nguo, kisha akauliza kwa upole, "Mzungu wa dukani ndiye anajua kuliko mtumishi wa Mungu?"

"Siyo mzungu. Ni mimi nimeona."

"Umeona ndevu, yaya. Mimi naumwa, wewe unaniletea ndevu."

"Na hao waliofungwa? Baba alikaa hivyo. Ulimwona."

"Usinitajie Baba," Thérèse alisema, na hapo sauti ilikatika. Alikwenda bafuni akafungua bomba la maji, akakikohoa kikohozi alichokuwa amekibana. Siku tano zilizobaki hawakuongea zaidi ya chumvi iko wapi na ufunguo uko wapi. Agnès alifikiri kumfungia ndani siku ya Jumapili, akafikiri kumsagia kidonge kwenye chai, akajionea aibu. Mdogo wake hakuwa mtoto wala mfungwa. Ilibaki njia moja tu: kwenda kusema palepale, mbele ya wote, hata kama wangemtoa kwa kumburuta.

Jumapili alivaa kitenge chake cha heshima, akafunga kilemba, akaketi safu ya tatu. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ilikuwepo glasi na sarafu chini ya maji. Makopo yalikuwa pale chini, na kando yake beseni la bluu. Wagonjwa sita walisimama mstari mmoja, Thérèse wa mwisho, gauni linampwaya. Pasta Lambert alikuwa na suti ya kijivu na sauti yake ileile nzuri, inayomfanya mtu ajisikie amefika nyumbani.

Kanisani humo kulikuwa na sheria moja ambayo Pasta mwenyewe aliiweka zamani, walipokuwa watu kumi na wawili tu sebuleni kwake. Mtu akishika kipaza sauti kutoa ushuhuda, hakatizwi na yeyote mpaka mwenyewe aseme nimemaliza. Aliiweka kwa sababu watu wake walitoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuwaacha wamalize maneno yao. Ilikuwa sheria nzuri. Kuna watu walishashuhudia saa nzima habari za mume na gari bovu, na hakuna aliyethubutu kukohoa kwa nguvu.

Pasta alipouliza nani ana ushuhuda kabla ya kiapo, Agnès alinyoosha mkono.

"Agnès," Pasta alisema, na uso ukamkunjuka. "Hatimaye." Akampa kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana asifiwe."

"Amina," kanisa likajibu.

"Mimi nasuka nywele, mnanijua. Nusu ya vichwa vilivyomo humu vimepita mikononi mwangu, na nusu nyingine mngevileta vingependeza." Wakacheka. "Nina ushuhuda wa ndevu."

Akawaeleza. Aliwaeleza habari za Tiberio na kidevu chake kitupu, na Hadriano aliyeanzisha mtindo, na Severo aliyekuja miaka mia na sabini baada ya Yesu. Kicheko kikapungua, kisha kikaisha. Joël, kijana wa kinanda, alikuwa na mazoea ya kuanza kupiga taratibu ushuhuda ukienda mrama, na sasa akaanza.

"Piga tu, Joël," Agnès alisema. "Sauti ninayo." Joël akaondoa vidole.

"Na nisiwafiche kitu," aliendelea. "Mfalme huyo alizaliwa Libya, Afrika."

Pasta Lambert akachukua kipaza sauti cha pili. "Simkatizi dada yetu," alisema, "namsaidia tu. Mmesikia? Mwafrika. Wazungu walituficha miaka yote kwamba Kaisari alikuwa Mwafrika, na Bwana amemleta hadi Hillbrow, kwa watu wake." Kanisa likalipuka kwa makofi. Agnès, pamoja na hasira zote, nusura acheke. Mtu huyu angeweza kumwuzia mwenye upara kitana.

Alisubiri makofi yaishe.

"Basi tuache ndevu," alisema. "Tugeuze upande wa pili. Pasta, ulitufundisha kwamba hawa wawili ni Paulo na Sila gerezani. Naomba niulize tu, mimi sikusoma sana. Siku Yesu anaishika sarafu hii, Paulo alikuwa wapi?"

Safu ya mbele, Mama Victoire, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ambaye Maandiko anayajua kuliko majina ya wajukuu zake, akasema bila hata kusimama, kwa mazoea ya kusahihisha watoto, "Alikuwa bado Sauli. Stefano mwenyewe alikuwa hajapigwa mawe." Alipomaliza kusema ndipo akasikia alichokisema, akageuka kumtazama Pasta.

Minong'ono ikapita kutoka safu hadi safu.

"Ni unabii," Pasta alisema. "Kaisari alichora asichokijua." Baadhi waliitika amina, wachache.

"Mimi ninakijua," Agnès alisema. "Ngoja niwaonyeshe."

Akakaa chini. Akiwa na kitenge chake cha heshima, mwanamke mzima wa miaka arobaini, alikaa kwenye sakafu ya saruji mbele ya madhabahu, akapeleka mikono nyuma ya mgongo na kipaza sauti kikiwa kimebanwa humo, na akainamisha kichwa. Katika kanisa lile walikuwepo watu wa Uvira, wa Fizi, wa Bunia, wa Kalemie, na hakuna aliyeuliza hicho ni nini. Mzee mmoja nyuma alijifunika uso kwa kofia yake. Pasta Lambert alimtazama pale chini na kushusha kipaza sauti chake. Naye alitoka Fizi.

Mashemasi wawili wakaja kumnyanyua.

"Hajamaliza," Mama Victoire alisema, na mashemasi wakasimama hapohapo.

Agnès akainua kichwa, akamtazama mdogo wake na si mtu mwingine. Akaleta kipaza sauti mbele.

"Tulikimbia watu waliomkalisha Baba hivi," alisema. "Tumetembea nchi nne. Mfalme huyu aliwakalisha watu wengine hivihivi, akajipongeza, akapiga picha. Wewe unataka kufa kwa ajili yake. Mimi sitaki. Sina cha zaidi. Nesi anakutukana, ni kweli, na mimi sikuwahi kwenda na wewe hata siku moja kusimama pale, nilikuwa nasuka. Hilo ni kosa langu, nimelileta mbele ya watu."

Thérèse alitoka kwenye mstari. Hakwenda kwa dada yake. Alipiga magoti mbele ya makopo na kuanza kusoma karatasi, moja baada ya nyingine, akiyasogeza kando. Yalikuwa mengi. Kanisa zima lilisikia yakigongana. Pasta alisema, "Binti yangu," mara mbili, kwa upole wa kweli, na mara zote mbili Thérèse aliendelea kutafuta. Alipolipata lake alisimama, akamnyang'anya dada yake kipaza sauti.

"Naitwa Thérèse," alisema. "Nina virusi vya UKIMWI. Miezi yote mnasema ule ugonjwa, ile shida, na mimi nilikuwa nashukuru mkisema hivyo. Leo nimesema mwenyewe. Nina virusi na ninataka kuishi."

Akafungua kopo, akatoa kidonge, akaweka ulimini. Kisha akanyoosha mkono akachukua glasi kutoka mezani.

"Hayo maji ni matakatifu," Pasta alisema.

"Ni ya bomba, Pasta. Nayajaza mimi kila Jumamosi, kule nyuma, pamoja na chupa zako."

Akanywa. Alikunywa yote, koo likipanda na kushuka mbele ya watu mia tatu, mpaka sarafu ikateleza chini ya glasi na kugonga meno yake. Akaitema kwenye kiganja, akaifuta kwa gauni, mbele na nyuma, akaiweka mkononi mwa Pasta Lambert na kumfumba vidole juu yake.

"Huyu ni wa kwako," alisema. "Mimi simjui."

Agnès alikuwa bado amekaa sakafuni. Alidhani sasa Thérèse atamjia, watoke, waende nyumbani. Lakini Thérèse alimgeukia mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yake kwenye mstari, mmoja wa wale watano waliobaki, ambaye alikuwa akilitazama beseni la bluu.

"Kopo lako limeandikwa jina gani?" alimwuliza, akapiga magoti tena kulitafuta.